Kazi ya Mchezaji wa Kulipwa: Safari ya Mbwana Samatta

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya vita wala ya watemi. Twasoma habari za kazi moja ambayo babu zetu hawakuihesabu kuwa ni kazi: kucheza mpira kwa mshahara. Mtu tutakayemfuata ni Mbwana Ally Samatta, aliyezaliwa Dar es Salaam mwezi wa Desemba, mwaka 1992.

Nimelichagua somo hili kwa ajili ya wazazi. Kijana akiacha palizi ya alizeti saa tisa na kwenda kiwanjani, mzazi hujiuliza: huyu anacheza, au anatafuta kazi? Zamani jibu lilikuwa rahisi. Siku hizi si rahisi tena, maana mkoa wetu wenyewe una timu ya Singida Black Stars katika Ligi Kuu, na wanaoichezea huweka sahihi mikataba na kulipwa mshahara. Basi yafaa tuijue kazi hiyo: ilianzaje, inalipwaje, na inadumu muda gani.

Hebu twende kwanza Uingereza. Miaka zaidi ya mia moja iliyopita, katika miji ya kaskazini ya nchi ile, watu wengi walifanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe na katika viwanda vya kufuma nguo. Jumamosi walifanya kazi mpaka mchana, ndipo wakaenda kucheza. Mchezo wao ulikuwa raga, yaani mpira wenye umbo la yai ambao mchezaji huruhusiwa kuukamata kwa mikono na kukimbia nao. Mechi ikiwa katika mji wa mbali, mchezaji alilazimika kuacha kazi mapema, na tajiri wake hakumlipa saa zile. Akivunjika mguu, alikaa nyumbani bila mshahara, na watoto wake wakalala na njaa.

Klabu za kaskazini zikasema, "Tuwalipe wachezaji wetu fidia ya saa za kazi wanazozipoteza." Wakubwa wa chama cha raga, wengi wao watu wa kusini wenye mali na elimu, wakakataa. Walisema kwamba mchezo ni starehe, na mwungwana halipwi kwa starehe yake. Ni rahisi kusema hivyo ikiwa chakula cha kesho kimo ghalani. Tarehe 29 Agosti, 1895, wajumbe wa klabu za kaskazini walikutana katika hoteli moja mjini Huddersfield wakaanzisha chama chao wenyewe. Malipo waliyoyakubali mwanzoni yalikuwa shilingi 6 kwa siku moja ya kazi iliyopotea. Wakati ule shilingi 20 za Kiingereza zilifanya pauni 1. Mwaka 1906 chama hicho kilipunguza wachezaji wa kila upande kutoka 15 mpaka 13, na hivyo ukatokea mchezo wa pili kabisa, raga ya watu 13, ambayo inachezwa mpaka leo.

Katika raga hiyo alitokea kijana mmoja, Harold Wagstaff, aliyezaliwa mwaka 1891. Alianza kuichezea klabu ya Huddersfield mwaka 1906, naye ana miaka 15 tu. Mwaka 1914 alikuwa nahodha wa timu ya Uingereza iliyokwenda Australia. Katika mechi moja mjini Sydney wenzake waliumia mmoja baada ya mwingine, na sheria za wakati ule hazikuruhusu kuingiza mtu mwingine badala yao. Timu yake ilibaki na wachezaji 10 dhidi ya 13, lakini ikashinda kwa pointi 14 kwa 6. Hata hivyo sifa hazikumpa utajiri. Alipoacha kucheza alijipatia riziki kwa kuendesha baa, akafa mwaka 1939 akiwa na miaka 48.

Na mpira wa miguu je? Huko Uingereza malipo yaliruhusiwa mapema zaidi, mwaka 1885. Lakini wenye klabu waliweka kikomo: hata mchezaji awe hodari namna gani, mshahara wake usipite kiasi fulani. Mwaka 1901 kikomo kilikuwa pauni 4 kwa juma. Mpaka kinafutwa mwaka 1961 kilikuwa pauni 20. Mara kikomo kilipoondolewa, klabu ya Fulham ikaanza kumlipa nahodha wake, Johnny Haynes, pauni 100 kwa juma. Mtu ni yule yule na miguu ni ile ile. Kilichobadilika ni sheria.

Jambo jingine lilitokea Ubelgiji, na yafaa mlikumbuke, maana Samatta atafika huko. Mchezaji mmoja, Jean-Marc Bosman, alimaliza mkataba wake na klabu ya Liège mwaka 1990. Alitaka kwenda klabu ya Ufaransa. Klabu yake ya zamani ikasema: hapana, mpaka tulipwe ada kwanza. Fikirini: mkataba umekwisha, mshahara wa zamani haupo, lakini mtu hana ruhusa ya kuondoka. Bosman alishtaki. Kesi ilichukua miaka 5, na katika muda huo ujana wake wa mpira ulipita. Tarehe 15 Desemba, 1995, Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba mkataba ukiisha, mchezaji ni huru kwenda apendapo bila klabu mpya kulipa ada. Kwanza uamuzi huo ulihusu raia wa nchi za Umoja wa Ulaya, kisha kanuni yake ikaenea kwingine. Kwa hiyo tarehe ya mwisho iliyoandikwa katika mkataba ikawa kitu kikubwa kuliko hata mshahara wenyewe. Klabu ikitaka kupata fedha kwa mchezaji wake, yapasa imwuze kabla ya tarehe hiyo.

Sasa turudi nyumbani.

Samatta si Mtanzania wa kwanza kucheza mpira Ulaya kwa malipo. Katika miaka ya 1970 Sunday Manara wa Yanga, ambaye mashabiki walimwita Kompyuta, alikwenda kucheza Uholanzi katika klabu ya Heracles. Lakini baada yake njia haikupanuka sana. Vijana wengi walikwenda kufanya majaribio, wakarudi. Wengine waliruka moja kwa moja kutoka Dar es Salaam mpaka kwenye baridi ya Ulaya, wakakuta lugha ngeni, chakula kigeni, na mazoezi ya nguvu ambayo miili yao haikuyazoea.

Samatta alikwenda hatua kwa hatua. Alikulia Mbagala, akachezea timu ya Mbagala Market, ambayo baadaye iliitwa African Lyon. Mwaka 2010 alihamia Simba. Hakukaa sana, kwa kuwa mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Kongo katika mashindano ya klabu bingwa Afrika, na watu wa Mazembe walimwona huyu kijana mwembamba mwenye mbio. Mwaka huo huo wakamchukua. Alikuwa na miaka 18.

Mazembe ni klabu ya Lubumbashi, katika nchi ya shaba. Wakati ule ilikuwa miongoni mwa klabu zenye nguvu kuliko zote Afrika; mwaka 2010 ilikuwa imefika fainali ya klabu bingwa ya dunia na kucheza na Inter ya Italia. Ilikuwa na fedha, uwanja wake, na wachezaji kutoka nchi nyingi. Na huko Lubumbashi watu husema Kiswahili! Kiswahili chao kina ladha yake, nacho kimechanganyika na Kifaransa, lakini kijana wa Mbagala hawezi kupotea sokoni. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, alikuwa naye pale. Mimi naona hatua hii ndiyo iliyomjenga kuliko nyingine zote, ingawa magazeti huiandika kwa mistari miwili tu na kukimbilia Ulaya.

Alikaa Lubumbashi karibu miaka 5. Mwaka 2015 Mazembe ilifika fainali ya klabu bingwa Afrika dhidi ya USM Alger ya Algeria. Mechi ya kwanza ilichezwa Algiers, na Mazembe ikashinda 2 kwa 1. Bao moja lilikuwa la Samatta kwa penalti. Mechi ya pili ilichezwa Lubumbashi mwezi wa Novemba, ikaisha 2 kwa 0, naye akafunga penalti nyingine. Mtu asiyecheza mpira hudhani penalti ni jambo jepesi. Mpira umetulia, mlango uko mbele, na anayezuia ni mmoja tu. Lakini weka watu maelfu wakipiga kelele, na kombe la bara zima likingoja, ndipo utajua kwa nini wengine hukataa kuipiga. Katika mashindano yale Samatta alifunga mabao 7. Mwezi wa Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wale wanaocheza ndani ya Afrika.

Mwisho wa mwezi ule ule alisaini mkataba na klabu ya Genk ya Ubelgiji. Genk nao ulikuwa mji wa makaa ya mawe, na klabu yake ilipatikana mwaka 1988 kwa kuunganisha timu mbili za sehemu za wachimbaji. Migodi imefungwa, lakini mpira umebaki. Huko Samatta hakuwa nyota siku ya kwanza. Alijifunza, akaumia goti mwishoni mwa mwaka 2017, akapona, akarudi. Msimu wa 2018 mpaka 2019 alifunga mabao 23 katika ligi, Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji, naye akapewa Kiatu cha Eboni, tuzo ambayo hutolewa Ubelgiji kwa mchezaji bora mwenye asili ya Afrika. Mwaka huo huo aliiongoza Taifa Stars kama nahodha katika Kombe la Mataifa ya Afrika huko Misri. Tanzania haikuwa imefika mashindano hayo tangu mwaka 1980. Tulipoteza mechi zote tatu, lakini dhidi ya Kenya Samatta alifunga bao. Kisha mwezi wa Novemba 2019 alifunga kwa kichwa dhidi ya Liverpool katika uwanja wao wenyewe, wakati Liverpool walikuwa mabingwa wa Ulaya. Genk ilifungwa 2 kwa 1.

Tarehe 20 Januari, 2020, klabu ya Aston Villa ya Birmingham ilimnunua. Hapa wanafunzi simameni kidogo, maana neno hili "kununua" linawadanganya wengi. Mtu hanunuliwi. Kinachonunuliwa ni miaka iliyobaki katika mkataba wake wa zamani. Na fedha hizo, ambazo magazeti yalizitaja kwa mamilioni ya pauni, hawekewi mchezaji mfukoni. Hulipwa klabu inayomwachia, yaani Genk. Yeye mchezaji hupata mshahara ulioandikwa katika mkataba mpya. Ndugu na marafiki wasiojua tofauti hiyo huja kwa mchezaji wakidhani mamilioni yale yote yamo nyumbani kwake, na kwa sababu hiyo ugomvi huingia katika jamaa.

Pia, kwa kuwa Samatta si raia wa Uingereza, hakuweza kucheza mpaka apate kibali cha kazi, kama fundi au daktari yeyote atokaye nchi ya nje.

Tarehe 1 Februari, 2020, alicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza, dhidi ya Bournemouth, akafunga kwa kichwa. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza na wa kwanza kufunga katika ligi hiyo. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 1 Machi, alikuwa Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa walikuwa nyuma kwa mabao 2. Ukaja mpira, Samatta akajitupa mbele kama mtu anayeruka mtoni, akaupiga kwa kichwa ukaingia. City walishinda 2 kwa 1, lakini bao lile Watanzania wengi wanalikumbuka kuliko kombe lenyewe lilikokwenda.

Siku chache baadaye ugonjwa wa korona ulisimamisha mpira. Ligi ilianza tena mwezi wa Juni, viwanja vikiwa vitupu. Villa walikuwa wanapigana wasishuke daraja. Samatta alicheza lakini hakufunga tena katika ligi, na bao lile la Bournemouth likabaki peke yake. Villa walinusurika siku ya mwisho, wakatafuta mshambuliaji mwingine, na tarehe 25 Septemba, 2020, Samatta alipelekwa Fenerbahçe ya Uturuki.

Sasa tufanye hesabu, na mwalimu wenu aiandike ubaoni. Mkataba wa Samatta na Villa ulikuwa wa miaka minne na nusu, yaani miezi 54. Alikaa nao kuanzia Januari 20 mpaka Septemba 25, yaani miezi 8 na siku chache. Miezi 54 kutoa 8 ni miezi 46. Miezi hiyo 46 ndiyo tofauti kati ya karatasi na uwanja. Lakini msidhani kwamba karatasi ilikuwa bure. Mkataba ulikuwa hai, na kwa sababu hiyo Villa hawakuweza kumwambia tu, "Kwaheri, nenda kwenu." Ilibidi itafutwe klabu nyingine, na yeye mwenyewe akubali. Kwanza alikwenda kwa mkopo. Mchezaji akienda kwa mkopo, huchezea klabu ya pili kwa muda, lakini mkataba wake mkubwa hubaki kwa klabu ya kwanza, kama vile ng'ombe akiazimwa kulima shamba la jirani ilhali zizi lake linajulikana.

Baada ya Fenerbahçe alicheza Antwerp ya Ubelgiji kwa mkopo, kisha akarudi Genk kwa mkopo, na mwaka 2023 akahamia PAOK ya Ugiriki. Msimu wake wa kwanza huko, PAOK ikawa bingwa wa nchi.

Nimewaahidi wazazi jambo linalohusu kijiji, na sasa nitalisema. Chama cha mpira cha dunia kina kanuni kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ile hugawiwa klabu zote zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 mpaka ule wa miaka 23. Kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja, na kila mwaka wa umri wa miaka 16 hadi 23 una nusu ya asilimia moja. Tuseme kijana ameuzwa kwa dola 1,000,000, na klabu ndogo ilimlea akiwa na miaka 14, 15, 16 na 17. Miaka miwili ya kwanza ni dola 2,500 mara 2, yaani 5,000. Miwili ya pili ni dola 5,000 mara 2, yaani 10,000. Jumla ni dola 15,000. Fedha hizo zatosha kununua mipira ya miaka mingi, na pampu ya kisima, na bado zikabaki.

Lakini klabu haipati hata senti moja kwa kusema, "Huyu mtoto wetu, kijiji kizima kinamjua." Sharti klabu iwe imesajiliwa na chama cha mpira, na kijana awe ameandikishwa kwa jina lake kamili, tarehe yake ya kuzaliwa, na tarehe alizoingia na kutoka. Kijana mwenye majina mawili na miaka ya kuzaliwa mitatu, mmoja wa shule, mmoja wa zahanati na mmoja wa mpira, hawezi kumfaidisha mtu. Katika madarasa yetu wako akina mama na akina baba waliokwisha kujua kuandika vizuri. Timu za hapa hazikosi wapiga mpira, zinakosa katibu. Daftari moja la kurasa 100 na kalamu ya wino vinatosha kwa kuanza.

Na kijana akiletewa mkataba, asiweke sahihi siku ile ile. Ausome, au asomewe na mtu asiye na faida ndani yake. Atafute kwanza mambo haya: mkataba unaisha tarehe gani, mshahara unalipwa siku gani ya mwezi, na akivunjika mguu nani atalipa hospitali. Klabu za kaskazini ya Uingereza ziligombana na wakubwa wa raga juu ya fidia ya wachezaji kabla hajazaliwa hata mmoja wetu.

Mwaka 2025 Samatta alihamia Le Havre, klabu ya mji wa bandari wa Ufaransa, na kuingia katika ligi kuu ya nchi hiyo akiwa na miaka 32. Katika umri huo mkulima wa Kinyangiri ndiyo kwanza anapata nguvu kamili ya shamba lake, na mwalimu ana miaka mingi mbele yake kabla ya kustaafu. Mshambuliaji wa mpira anahesabu misimu iliyobaki kwa vidole vya mkono mmoja.

Mwalimu wa darasa, sasa waandikie wanafunzi maneno haya ubaoni, nao wayanakili katika madaftari yao: mkataba, mkopo, ada, sahihi, usajili.